Kisiki cha mninga

Nimerudi porini sasa hivi, huku Nachingwea. Miguu imejaa mbigili.

Eneo letu la malisho tumeliacha msitu wa asili urudi wenyewe, ili baadaye kijiji kiuze hewa ukaa, yaani kilipwe kwa kaboni ambayo miti inaihifadhi. Hatujapanda mche hata mmoja, visiki bado vina uhai.

Mjomba alipogolea kisiki cha mninga, akabakiza machipukizi mawili yaliyonyooka.

Pale alipokata pakatoka utomvu mwekundu, kama damu.

Akaufuta kwa kidole gumba, taratibu, kama anamfuta mtoto machozi.

Nilishindwa kusema neno.

Ili kukadiria hiyo kaboni, unene wa shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na machipukizi yetu hayajafika hata kiunoni. Ng'ombe nao wanataka kula.

Ndugu zangu wa Liwale na Kilwa, nyie mifugo mnaipeleka wapi?