Siku niliyompeleka babu kuona behewa la simba

Watu wa Nairobi tunapita hapo kila siku, stesheni ya reli ile, makanga wanaita abiria, wewe unakimbilia kazi, na nyuma yake tu kuna makumbusho ya reli, iko hapo tangu 1971. Mimi nimezaliwa hii Nairobi na nilikuwa sijawahi kukanyaga. Aliyenifanya niende ni babu, mtu wa Voi, zamani alikuwa fayamani, yule mtunza moto, kwenye injini za moshi.

Alikuwa amekuja kuangaliwa macho. Tukatoka kliniki mapema, basi lake ni la usiku, nikamuuliza sasa babu tufanye nini mpaka hiyo saa, nikidhani atasema tutafute chai. Akasema, nipeleke nikaone injini. Injini gani tena babu? Akaniangalia hivi kama mimi ndiye niliyetoka Voi asubuhi.

Ndani hakukuwa na watu, wanafunzi wachache tu wa chuo wanajipiga picha. Mimi nikamvuta moja kwa moja kwenye kile kitu nilikuwa nimekisikia, behewa la Kima. Kwa wasiojua, mwaka 1900 simba alikuwa anawasumbua watu stesheni ya Kima, huku njia ya Mombasa. Afisa mmoja wa polisi wa reli, Charles Ryall, akapita hapo na wenzake wawili, Mjerumani Hübner na Mwitaliano Parenti, wakaamua kulala palepale, behewa lao likiwa kwenye reli ya pembeni, ili wampige huyo simba usiku. Wakapanga zamu, ya kwanza ikawa ya Ryall. Akakaa na bunduki yake dirishani, akangoja, akangoja, usingizi ukamchukua. Simba akaingia mlangoni, na vile behewa lilikuwa limeinama upande, mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Sasa wako wanne humo ndani! Parenti alikuwa amelala sakafuni, simba akamkanyaga huyo akimfuata Ryall, Hübner yuko kitanda cha juu na njia ya kutoka ni moja tu, ikabidi aruke apitie juu ya mgongo wa simba. Ryall akaburutwa akatolewa dirishani, akafia hapo.

Hayo yote nilimsimulia babu kwa sauti, manake macho yalikuwa yametiwa dawa, maandishi hayaoni. Nilikuwa nimenogewa kabisa, hata mikono natupa. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza kitu kimoja.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Ya Ryall, babu."

"Na akalala."

"Akalala."

"Haya, twende kwa injini."

Sikuamini. Mimi ningeweza kukaa pale lisaa lizima, lile behewa ni dogo kuliko unavyofikiria, ukilisimamia karibu unajiuliza watu watatu na simba walitosheaje. Mzee yeye keshaondoka na fimbo yake.

Huko nje zimepangwa injini, nyingine kutu tupu, majani yamepanda mpaka magurudumuni. Halafu kuna 5918, inaitwa Mount Gelai, rangi ya damu ya mzee, ndefu ajabu. Hizo za namba 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester miaka ya 50 na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, Gelai uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Inapita tani 250. Babu alifanya kazi kwenye hizo, sio hii lakini, na dereva wake alikuwa Kalasinga mmoja ambaye alikuwa anasugua shaba za kabini mpaka unaweza kunyolea ndevu hapo.

Nilimsaidia kupanda. Mle ndani hakuhitaji macho. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe, hii ya maji, hii ya mafuta, akishika na kutaja. Mimi nilikuwa nimedhani fayamani ni mtu wa koleo na makaa, kumbe hizi zilichoma mafuta mazito, kazi yako ni kuangalia moshi. Ukitoka mweusi mafuta yamezidi hewa, rekebisha haraka. Na masizi yakijaa kwenye mabomba unatupa mchanga ndani ya tanuri injini ikivuta kwa nguvu, mchanga unapita na masizi yanatoka nao kule juu. Mchanga! Alipoona nimeshtuka akafurahi, akarudia.

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi unapanda zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo walikwenda timu mbili, moja inaendesha na nyingine inalala kwenye kibehewa nyuma ya injini, kisha wanabadilishana. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini babu hakumhurumia Ryall hata kidogo.

Mimi bado nina maneno yangu na lile behewa. Simba wa Tsavo wa 1898, ambao wamewekwa kwenye makumbusho Chicago mpaka leo, walikula vibarua Wahindi wa reli 28 kwa hesabu ya mzungu aliyewaua, na Waafrika walioliwa hakuna aliyejisumbua kuandika idadi. Kisa cha Ryall tunakijua dakika kwa dakika, hadi nani alikanyagwa. Nilimwambia babu hivyo, akaguna tu, alikuwa anatafuta valvu fulani na alisema wameitoa.

Wale wanafunzi wakapanda nao, wakamwomba wapige picha naye, msichana mmoja akamuuliza babu, wewe uliwahi kuona simba huko njiani? Mara nyingi, akasema, usiku wanakuja kulala kwenye reli, unapiga honi wanaondoka polepole kama wenye nyumba. Halafu akamuuliza yule msichana kama anajua mabomba ya injini yanasafishwa na nini.