Mbwa wa saiti aliyehamia kwetu Pasua

Inama barabarani kama mtu anayeokota kitu, uone. Mbwa yeyote aliye karibu atakimbia. Hujashika jiwe, hujasema neno, lakini yeye ameshajua kinachofuata, maana tangu akiwa mtoto, kila anayeinama mbele yake anainuka na jiwe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, Pasua, hapa Moshi. Kazi yangu ni ya kuinama: pini imeanguka, bobini imeviringika chini ya meza, mteja anataka kupimwa urefu wa suruali. Kwa hiyo Tunu alipokuja kwetu, jambo la kwanza ambalo nyumba nzima ilijifunza upya ni kuinama. Tunachuchumaa taratibu, tumempa ubavu, viganja viko wazi anaviona. Mwanangu wa darasa la pili alilishika hili kuliko sisi wakubwa, na hadi leo akidondosha penseli uani anatulia kwanza, anaangalia Tunu yuko wapi, ndipo anachuchumaa.

Tunu alikuwa mbwa wa saiti. Waliojenga wanaijua hadithi hii: mlinzi anafuga mbwa wa kumsaidia usiku, nyumba inaisha, mlinzi anahamia saiti nyingine, mbwa anabaki anazunguka kwenye geti la watu wasiomtaka. Yeye alibaki na waya shingoni. Alifungwa akiwa mdogo, shingo ikanenepa, waya ukazama kwenye nyama. Daktari wa mifugo aliyeutoa ule waya ndiye aliyeniuliza kama nina nafasi. Tuna fensi ya mabati na geti linalofungwa. Nikamjibu, daktari, mlete.

Watu wengi wakimchukua mbwa aliyeteseka wanataka kumpa upendo wote siku hiyohiyo. Anabebwa, anaogeshwa, watoto wa mtaa wanaitwa waje kumwona. Nawaelewa, na mimi mikono iliniwasha. Lakini mbwa wa namna hii kitu cha kwanza anachokihitaji ni kuachwa. Awe na kona moja, sahani moja, mtu mmoja wa kumlisha, na saa zilezile asubuhi na jioni. Mume wangu alimpigia kibanda cha mbao nyuma ya simtanki, mlango ukatazama geti ili aone anayeingia, ndani tukatandika magunia. Sheria ikawa moja: Tunu akiwa kibandani, hakuna wa kumwita, kumvuta wala kuingiza mkono. Siku za mwanzo alikula usiku tu, taa zikiwa zimezimwa. Tukaacha iwe hivyo.

Wakati huo mimi nilikuwa namsoma. Mbwa anayepiga miayo mtu anapomsogelea mara nyingi hana usingizi, ana wasiwasi. Kulamba pua wakati hakuna chakula, kugeuza uso, kuonyesha weupe wa jicho, yote hayo anakuomba usogee mbali. Na kunguruma nako ni kuomba, kwa sauti kubwa zaidi. Nawasihi sana wenye watoto: msimchape mbwa kwa sababu amenguruma. Ukimchapa anajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kutoa onyo lolote.

Kilichotusumbua kuliko vyote ni ufagio. Huku kwetu hakuna asubuhi bila ufagio wa chelewa, na ile sauti yake tu kwenye udongo ilitosha kumfanya Tunu ajikojolee. Sijui alipigwa nao mara ngapi huko alikotoka, lakini mwili wake ulikuwa unakumbuka. Sikutaka kuacha kufagia, na sikutaka aishi na hofu ile. Nikaanza kuulaza ufagio chini mbali kabisa na sahani yake, nao unakaa hapo hakuna anayeugusa, yeye anakula. Kesho yake unasogea hatua moja. Akiacha kula na kuutazama, naurudisha ulipokuwa jana. Ulipofika karibu na sahani nikaanza kuuinua tu na kuulaza tena, na kila nikiuinua namrushia dagaa. Baadaye nikafagia upande wa pili wa ua, nafagia kidogo, namrushia dagaa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, ya kila siku, na hakuna sehemu ya kuruka. Sasa hivi analala juani katikati ya ua na mimi nafagia nikimzunguka, na masikio yake hata hayasimami.

Chakula hakina maajabu. Ugali wa dona na dagaa wa Mbuyuni waliochemshwa bila chumvi, au mapafu kutoka buchani yakiwa yameiva vizuri. Mchuzi wetu wa mezani hapewi, kwa sababu una vitunguu, na vitunguu vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

Kwa upande wa dawa, alikuja kwetu akiwa ameshachanjwa kichaa cha mbwa, kadi ninayo, iko kwenye faili moja na kadi za kliniki za watoto. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa duniani wanakipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi. Ndiyo maana anayeng'atwa anaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, halafu anakwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa kipindi hicho. Ulizeni kwa afisa mifugo wa kata yenu.

Tunu alikuwa na ukurutu mgongoni, na nilipewa ushauri wa kila aina. Nimpake oili chafu ya gari. Nimmwagie dawa ya kuogeshea ng'ombe. Tafadhali, msifanye hivyo. Oili chafu ni sumu, mbwa anailamba na inapita kwenye ngozi, na dawa ya ng'ombe ikikadiriwa kwa macho inaweza kumuua. Daktari alimchoma sindano, akarudia, nywele zikaota.

Shingo yake haitavaa mkanda tena, kovu limezunguka lote. Nikachukua begi la shule lililochoka, nikakata mikanda yake na vile vifungo vyake vya plastiki, nikamshonea mkanda wa kifuani: duara moja linapita mbele ya mabega, jingine nyuma ya miguu ya mbele, vinaungana mgongoni. Futi ya kupimia aliiogopa, anaona kama kamba. Nikampima kwa uzi mwekundu akiwa anakula, nikafunga fundo pale ulipokutana. Chini ya mikanda nimeweka flana ili isimchune.

Nina wateja wengi Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi, chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo naliheshimu kwa vitendo. Tunu havuki kizingiti cha chumba cha kushonea, na nguo za watu zinakaa rafu ya juu. Jirani yangu mmoja alikuwa ameacha kuja. Nikamwendea, nikamwambia, "Dada, njoo uone mwenyewe anapoishia." Alikuja, akasimama mlangoni kitambo, kisha akaingia. Gauni lake la Idi nimeshona mimi.

Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho, akamtazama Tunu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu hatalinda kitu. Mchanganyie pilipili, akae banda mchana kutwa, atakuwa mkali." Nikamwambia, "Mama, ameshafungwa vya kutosha huyu, tumpe muda." Mimi naamini mbwa hulinda mahali anapopaona ni pake. Mbwa mwenye hofu anabwekea kila kitu, hata upepo, na mwishowe hakuna anayeamka. Tunu alikaa miezi bila kubweka kabisa. Siku ya kwanza alipobweka ilikuwa usiku, mtu anajaribu geti, na alisimama kati ya geti na mlango wetu. Mama aliposimuliwa aliuliza tu, "Amekula leo?"

Desemba, wakati Wachaga wote wanarudi nyumbani na fataki zinapigwa usiku wa mwaka mpya, tulimlaza stoo ya nyuma, redio ikiwa imewashwa, na mmoja wetu akakaa naye.

Wiki ijayo anakwenda kufungwa kizazi. Jike huingia joto karibu kila miezi sita, mimba ni siku 63 hivi, na watoto wake wangeishia kwenye saiti nyingine za mji huu. Daktari amesema asile kuanzia usiku wa kabla, na akitoka asirambe mshono. Kwa kuwa shingoni hatuwezi kumvalisha kitu, nimeshakata fulana ya pamba ya kumfunika tumbo, yenye matundu manne ya miguu na kamba za kufungia mgongoni. Imebaki kupinda mikono.