Upepo kwanza, viti baadaye: nilivyopanga uwanja wa maonyesho ya ndege mbuai Kisumu

Wengi wakipewa kazi ya kuchora uwanja wa maonyesho katika bustani ya wanyama huanza na viti: watu wangapi, safu ngapi, paa gani. Mimi nilianza na vitambaa. Nilisimamisha fito sita za mita 3 kiwanjani, kila mmoja na kitambaa chepesi kichwani, nikawa naandika upepo unatoka wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, kila siku kwa wiki mbili. Ufukweni mwa Ziwa Victoria mambo hayabadiliki sana: usiku hadi asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kisha jua likishapasha ardhi upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani hadi jioni.

Vitambaa hivyo ndivyo vilivyoamua karibu kila kitu, kwa sababu bundi au mwewe hutua akiukabili upepo. Ukimwita huku upepo unamsukuma kwa nyuma, atapitiliza, atazunguka, na mara nyingine ataishia kwenye mti nje ya uwanja. Watazamaji watadhani hajafundishwa, kumbe kosa ni la mchoraji.

Basi niliwaelekeza watazamaji kusini, ziwa likabaki mkono wao wa kulia. Upepo wa mchana unakatiza jukwaa kutoka kulia kwenda kushoto, na ndege anaachiliwa upande wa kushoto aruke kuukabili mbele ya macho ya watu wote. Kwa onyesho la asubuhi, kabla upepo haujageuka, anarushwa kinyume, kwa hiyo kila ncha ya jukwaa ina nguzo ya kutua na kisanduku cha kumwachilia. Mwelekeo huo unatatua tatizo la jua pia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua linapita juu ya vichwa na halilali mno kaskazini wala kusini, kwa hiyo ukingo wa paa unatosha kulizuia. Ukiwakalisha watu wakitazama ziwa kwa ajili ya mandhari, kuanzia saa tisa watakuwa wamefunika macho kwa mikono.

Mabanda ya wanyama yako mashariki, nyuma ya ukuta wa jukwaa. Mchana upepo unachukua harufu zao kuelekea nje, si kwa watazamaji. Kibanda cha chakula kiko mbali zaidi upande huohuo, ili moshi wa nyama usipite mabandani. Kila banda lina milango miwili yenye nafasi ya mita 2 katikati, na wa pili haufunguliwi kabla wa kwanza haujafungwa. Spika niliweka nne ndogo badala ya mbili kubwa, zimeinamishwa kuelekea viti na kuyapa mabanda kisogo.

Sasa viti. Kuona vizuri ni hesabu. Jicho la mtu mzima aliyekaa liko kama mita 1.2 juu ya pale miguu yake inapokanyaga. Safu ya kwanza iko mita 4 kutoka mahali pa kutua. Kila ngazi ina upana wa sentimita 80 na kimo cha 35, safu ni 10. Ndege akiwa chini kabisa, mstari wa macho wa mtu wa safu ya pili unapita sentimita 9 juu ya jicho la aliye mbele yake, lakini wa safu ya kumi anabakiwa na 4 tu, yaani anatazama kisogo. Chini ya 6 watu huanza kusimama, na mmoja akisimama wote watasimama. Dawa ya kawaida ni kupandisha ngazi za nyuma, jambo linaloongeza mawe na simiti. Mimi niliinua kile kinachotazamwa: tuta la sentimita 60 mahali ndege na kobe wanapoonyeshwa. Safu ya kumi ikapata sentimita 8 bila jiwe la ziada. Kwenye njia za kupandia, kila kimo cha 35 kimegawanywa vipandio viwili vya 17.5.

Safu ina urefu wa mita 16. Ukitoa njia mbili za mita 1.2 zinabaki 13.6. Kwa sentimita 50 kila mtu, hao ni watu 27 kwa safu, 270 kwa jumla. Wanafunzi wadogo hukaa kwa sentimita 40, lakini usipange njia za kutokea kwa kutegemea watu wa siku tulivu.

Sehemu nyingi za Kisumu zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na ngazi za mawe juu yake hukatika. Uchimbe wote utoke, ujaze murram, ushindilie kila sentimita 15. Na usijenge kwa kutazama ufuko ulipo leo: mwaka 2020 ziwa lilipanda na kufunika majengo mengi ya pwani yake.

Sakafu ya jukwaa ni mchanga wa mto sentimita 15 juu ya kokoto, umeinamia mfereji kwa sentimita 2 kila mita. Simiti huunguza mchana. Ukishindwa kuishika kwa mgongo wa mkono kwa sekunde tano, mnyama asiikanyage. Nyasi za kumwagiliwa nilizikataa, kwa kuwa viboko hutoka ziwani usiku kutafuta majani. Nguzo za kutua zimevikwa nyasi bandia, maana mbao laini tupu huwatia ndege vidonda vya nyayo.

Paa la mabati usiliweke, mvua ya Kisumu ikishuka hakuna sauti itakayosikika. Nilitumia turubai lenye mteremko mkali, kwa sababu likilegea maji hukusanyika na kulichana. Kamba zote za kulivuta ziko nyuma ya viti. Kamba nyembamba kwenye njia ya ndege humvunja bawa. Nguzo za chuma zimeunganishwa na waya wa radi hadi ardhini. Hata hivyo onyesho la mwisho ni saa nane na nusu, kwa kuwa ngurumo huanza alasiri.

Kabla ya kumwaga simiti, chora kila kitu kwa vigingi na uzi, kisha warushe ndege hapohapo wiki nzima. Mkalishe mtoto wa darasa la tatu juu ya kreti lililoinuliwa hadi kimo cha safu ya mwisho, watu wazima wakae mbele yake, uvute uzi wa fundi kutoka jicho lake hadi nguzo ya kutua. Uzi ukigusa kichwa cha mtu, tuta bado ni fupi.