Ekari ya hatua 70: nilivyopata vipimo vya kuaminika kwenye vihamba vya Kibosho

Muulize mzee wa Kibosho, juu ya Moshi mjini, "Shamba lako ni ekari ngapi?" Wapo watakaokutajia la tambarare tu, lile la mahindi na maharage. Pale penye nyumba, migomba na kahawa kwao si shamba, ni kihamba. Jibu litaingia kwenye kompyuta likiwa safi kabisa, na hakuna hesabu itakayokuonyesha kuwa umepima kitu kingine.

Ndiyo maana katika utafiti wangu nilianza kwa kuandika, kwa kila kigeu (yaani kila jambo linalopimwa na linaloweza kutofautiana), sentensi moja: kinapimwa na nani, kwa kifaa gani, kwa swali lipi. Kigeu tegemezi, yaani kile nilichotaka kukieleza, kilikuwa mavuno ya kahawa kwa msimu. Vigeu huru, yaani vile vinavyodhaniwa kukiathiri, vilikuwa ukubwa wa kihamba, matunzo yake, na imani ya mkulima kwamba kahawa bado inalipa.

Tuanze na mavuno. Kilo 200 za nini? Takribani kilo 5 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa ya maganda (iliyomenywa na kukaushwa, punje zikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba), kwa hiyo ukizichanganya kwenye safu moja, majirani waliovuna sawa wataonekana wamepishana mara tano. Dodoso likapata visanduku viwili. Msaidizi anaandika alivyoambiwa. Kugeuza kunafanyika baadaye, kwa kanuni moja, na mtu mmoja. Anayetaja debe aulizwe kama ni la msawazo au la kilele, maana ugonjwa wa lumbesa hauko sokoni peke yake.

Ukubwa ndio ulionifundisha zaidi. Ekari ni mita za mraba 4,047, na vijijini hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kanuni hiyo iko sawa kama hatua ni ya sentimita 91 hivi. Mwenye hatua ya sentimita 81 atapata mita 56.7 kila upande, yaani mita za mraba 3,215, sawa na ekari 0.79, naye ataandika ekari 1. Upungufu wa asilimia 11 kwenye hatua umekuwa asilimia 21 kwenye eneo, kwa kuwa umeingia kwenye urefu na kwenye upana. Tena akirudia kesho atapata jibu lile lile! Kipimo chake ni thabiti (kinarudia jibu) lakini si halali (hakipimi ukubwa wenyewe), na wanafunzi wengi huyachanganya hayo mawili. Mimi nilitumia utepe wa mita 50. Kwenye mteremko ushikwe mlalo, usilazwe juu ya ardhi, la sivyo eneo litavimba.

Imani haina utepe. Niliweka kauli 5, kila moja ikiwa na alama 1 hadi 5, nikazipima kwa alfa ambayo Cronbach aliieleza mwaka 1951, namba inayoonyesha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja. Unajumlisha variansi (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) za kauli moja moja, unagawa kwa variansi ya jumla ya alama, unatoa jibu kwenye 1, kisha unazidisha kwa idadi ya kauli iliyogawanywa kwa idadi hiyo pungufu moja. Chukulia variansi za kauli zinafika 6 na ya jumla ni 15: 1 toa 0.4 ni 0.6, mara 5/4, unapata 0.75. Wengi hukubali kuanzia 0.70.

Sasa tuseme kauli moja imeandikwa kinyume, kama "Bora kung'oa mibuni nipande mboga", na umesahau kuigeuza alama (5 iwe 1, 4 iwe 2). Ikiwa kauli zote zinahusiana kwa nguvu sawa, variansi ya jumla inashuka hadi 7.8 na alfa inaanguka hadi 0.29. Kabla hujaifuta kauli yoyote, kagua hilo kwanza. Alfa ya 0.95 nayo isikufurahishe upesi. Mara nyingi umeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti.

Kwa matunzo, wasaidizi wawili walikagua kihamba kimoja bila kusemezana, wakiandika "kimetunzwa" au "hakijatunzwa". Usiridhike na asilimia ya kukubaliana. Katika vihamba 50, wote wakisema ndiyo kwa 30 na hapana kwa 10, wamekubaliana kwa asilimia 80. Lakini kama wa kwanza alisema ndiyo mara 36 na wa pili mara 34, bahati tu ingewapatanisha kwa asilimia 58 hivi. Kapa ya Cohen, inayopima makubaliano baada ya kuondoa ya bahati, ni 0.52, ya wastani tu. Dawa ni kulivunja neno "kimetunzwa": je, matawi yamepogolewa, magugu yamepaliliwa, samadi imewekwa? Kila kimoja kiwe na kisanduku chake.

Kurudia dodoso la imani kwa watu wale wale, ili kuona kama majibu ni thabiti, niliweka baada ya wiki 2: mwezi mmoja ni mrefu, siku 3 mtu bado anakumbuka alichojibu. Kabla ya kupanga tarehe, ulizia chama cha msingi cha ushirika kitatoa lini malipo ya pili ya kahawa. Yakiangukia katikati, majibu yatabadilika kwa sababu ya fedha, nawe utalilaumu dodoso bure.