"Yule wa Mofini": Neno Linavyotoka Mdomoni Likaingia Kwenye Dozi

"Kitanda cha tisa, selimundu, yule wa mofini. Karudi tena. Usiku kucha katusumbua." Basi, ripoti ya kukabidhiana zamu imekwisha, wauguzi wanahamia kitanda cha kumi. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa damu, na mofini ni dawa kali ya maumivu.

Hesabu kilichokosekana hapo. Maumivu ni mangapi kati ya kumi? Dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi? Joto la mwili je, oksijeni je, kifua kinasikikaje? Hakuna hata kimoja. Kilichopo ni hukumu, na anayepokea zamu anaondoka nayo kama vile kakabidhiwa kipimo cha maabara.

Lugha chafu ya watumishi wa afya huwa inajadiliwa kama suala la adabu. Inaitishwa semina ya huduma kwa mteja, linabandikwa bango la "Mteja ni Mfalme", watu wanakunywa soda na kutawanyika. Sina ugomvi na adabu, ila naona tunapima kitu kwa mizani isiyo yake. Neno la kejeli wodini ni maelekezo ya matibabu ambayo hayakuandikwa na daktari yeyote. Linabadilisha dozi, linachelewesha simu, linamfunga mgonjwa mdomo. Tusi la sokoni linaishia sokoni, hili linapokelewa zamu hadi zamu.

Nimeanza na selimundu kwa sababu ndipo madhara yanapoonekana waziwazi. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, kwa hiyo hakuna hospitali ya mkoa isiyo na "yule aliyerudi tena". Anarudi kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa kurudi: chembe nyekundu zinajikunja, zinaziba mishipa midogo, mfupa unakosa damu. Maumivu hayo hayaonekani kwenye picha ya eksirei, wala hakuna kipimo cha damu cha kuyathibitisha. Mapigo ya moyo na presha vinaweza kuwa vya kawaida kabisa. Aliyeyazoea tangu utotoni anaweza kuwa na maumivu tisa kati ya kumi huku anaongea na simu, na hapo ndipo anapopachikwa jina: anajidai, kazoea dawa, anapenda mofini.

Utaratibu unaokubalika ni dawa ya maumivu ndani ya nusu saa tangu afike, kisha kupima maumivu tena kila nusu saa mpaka yatulie. Mofini ya mshipa huanzia miligramu 0.1 kwa kilo, yaani mgonjwa wa kilo 50 anapata miligramu 5. Aliyebandikwa jina hupewa parasetamoli na maneno. Hatari zaidi iko siku ya pili au ya tatu, anapoanza kusema kifua kinabana. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifua cha selimundu, mojawapo ya sababu kubwa zinazowaua wagonjwa hawa: homa, oksijeni kushuka, kivuli kipya kwenye eksirei. Lakini kwa kuwa ripoti ilisema "msumbufu", malalamiko ya kifua yanasikika kama usumbufu ule ule unaoendelea.

Hili lilipimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha jaribio lao kwa wanafunzi wa udaktari na madaktari walio mafunzoni, jumla 413. Waliwapa maandishi ya faili la kijana wa kubuni wa miaka 28 mwenye selimundu, anayetumia kiti cha magurudumu. Taarifa za kitabibu zilikuwa zile zile, maneno ndiyo yaliyotofautiana. Faili moja lilisema alishinda mchana na rafiki zake, jingine likasema alikuwa anazurura na wenzake nje ya mgahawa wa McDonald's. Waliosoma faili la pili walimwona kijana kwa jicho baya zaidi na wakaelekea kumpa matibabu hafifu zaidi ya maumivu. Hakuna aliyemtukana mtu pale. Yalitosha maneno madogo ya namna hiyo.

Ripoti ya kitanda cha tisa ingeweza kuwa hivi: "Kitanda cha tisa, kijana wa miaka 22, selimundu, maumivu ya mgongo na mapaja tangu juzi. Saa moja asubuhi alisema nane kati ya kumi, akapewa mofini miligramu 5, baada ya nusu saa ikashuka hadi tano. Joto 37.4, oksijeni 96. Kifua safi. Dozi inayofuata inategemea maumivu ya saa mbili asubuhi, mpime kwanza." Ni sekunde ishirini na kitu. Anayesema hatuna muda wa lugha nzuri ajaribu kuisoma kwa sauti huku kashika saa. Na ukitazama vizuri, hakuna neno la upole humo. Taarifa zimejaa mpaka kejeli ikakosa pa kukaa.

Lugha yetu ina njia yake ya kudharau ambayo semina zilizotafsiriwa haziioni: ngeli. Mtu ni wa M-WA, lakini ukitaka kumshusha unamhamisha. "Limama lile la kitanda cha nne." "Kizee kimejikojolea." "Jitu lenyewe halisikii." Hakuna tusi hata moja ndani ya sentensi hizo, lakini mama amegeuzwa mzigo na mzee amegeuzwa kitu. Msikilize mtumishi anayejiona ana lugha safi uhesabu ni mara ngapi anasema *limelala*, *limekataa kula*. Inakwenda pamoja na salamu. Mzee wa miaka sabini hataki kuitwa "mteja", anataka shikamoo. "Wewe, panda kitandani" na "Shikamoo babu, naomba upande hapa nikupime" zinatofautiana kwa pumzi moja tu, na wa pili ndiye atakayesikia kwamba babu dawa za presha zilimwishia wiki mbili zilizopita.

Kuna na maneno yaliyoingia hadi kwenye rejesta. Kwenye kifua kikuu kulikuwa na "mshukiwa" na "mtoro", kama kituo cha polisi na shule ya bweni. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha istilahi zake: mshukiwa akawa mtu anayedhaniwa kuwa na TB, na mtoro akawa aliyepotea katika ufuatiliaji, yaani aliyekatisha matibabu kwa miezi miwili mfululizo au zaidi. Vitabu vimebadilika, midomo bado. Nami sidhani kubadilisha neno kunatosha, maana unaweza kuandika "amepotea" kwa roho ile ile ya "mtoro". Kasoro ya "mtoro" ni kwamba linafunga swali: katoroka, kosa lake. Andika kilichotokea: "Hajafika tangu tarehe 3. Simu haipatikani. Anaishi ng'ambo ya mto, mvua zimeanza." Sentensi ya mwisho ndiyo inayomwambia mhudumu wa jamii aanzie wapi.

Leba ni habari nyingine, na huko ndiko maneno yanakoruka zaidi. Kila aliyezaa hospitali anaujua wimbo wake: ulipokuwa unayatafuta hukutuita, mwenzio ana wa saba na halii, endelea kubana miguu umuue mtoto. Wakunga hujitetea kwamba hatua ya pili ya uchungu inahitaji ukali, la sivyo mtoto anachoka. Nusu ya utetezi huo ni kweli. Sauti ya juu inaruhusiwa. "Mama, uchungu ukija vuta pumzi, kidevu kifuani, sukuma, sukuma, tena!" ni amri, tena kali, na mwanamke anaishika kwa sababu inamwambia afanye nini. "Unaua mtoto" haimwambii afanye nini.

Madhara yake hayaishii kwenye machozi. Mwanamke aliyefokewa mapokezi hujifunza mara moja kwamba hapa wa salama ni mnyamaza. Kwa hiyo hasemi kwamba jana usiku alikunywa dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu. Wala hasemi kwamba mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji kule kijijini kwa shemeji, kwa sababu kadi hana na aliyekosa kadi kabla yake kasimangwa mbele ya watu. Mkunga anaona uchungu hauendi, anaweka dripu ya oksitosini, nayo ni dawa ya kuongeza uchungu. Dawa mbili zinakutana juu ya kovu moja. Kizazi kikipasuka, faili litaandika sababu ya kitabibu, na lile neno la mapokezi halitatajwa popote.

Mahakama nazo zimeanza kusikiliza. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, kisha akapigwa na kufokewa na wauguzi, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya.

Sasa, watumishi wao kwa wao. Daktari kumfokea nesi mbele ya ndugu wa mgonjwa, bingwa kumwita intani, daktari aliye mafunzoni, mbumbumbu kwenye raundi, kila mmoja kumdharau tabibu wa zahanati kwa rufaa aliyoandika. Huko Israel, timu 24 za wodi za watoto njiti ziliwekwa kwenye zoezi la kuigiza: mtoto anazidiwa ghafla, utumbo unaanza kufa. Kabla na katikati ya zoezi, baadhi yao walisikia mgeni, mtaalamu kutoka Marekani, akibeza utabibu wa nchini mwao. Matokeo yalitoka 2015: waliobezwa walikosea zaidi kutambua ugonjwa na kufanya taratibu, kwa sababu walipunguza kupeana taarifa na kuombana msaada. Na yule mgeni hata hakuwa bosi wao.

Fikiria basi anapokuwa bosi. Saa nane usiku, mama kajifungua, damu haikatiki. Wakunga wa jadi Kigoma waliwahi kufundishwa kipimo kisichohitaji chombo: kanga mbili zikilowa, damu imefika kama nusu lita, mama apelekwe hospitali. Mkunga wa wodini anaijua nusu lita hiyo kuliko jina lake. Lakini wiki iliyopita alipiga simu usiku akajibiwa, "Ndiyo umeniamshia upuuzi huu?" Leo anaitazama kanga ya pili, anasema ngoja nimkande tumbo kidogo kwanza. Dakika kumi na tano zinapita. Yule daktari hakumkataza kupiga simu. Alimtoza bei tu, na bei hiyo inalipwa na mtu wa tatu.

Ufanye nini unaposikia mwenzako anatoa neno? Kumkemea mbele ya watu huleta ugomvi, na kama ni mkubwa wako utakuwa umejimaliza. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni kuuliza swali la kitabibu. Akisema "huyu anajidai", muulize, "Daktari, kwenye faili niandike maumivu mangapi kati ya kumi?" Hawezi kujibu bila kumgeukia mgonjwa. Leba ikichafuka, usimwambie dada mkubwa kwamba ana lugha mbaya. Mwambie, "Sista, nipishe hapa nimsaidie kusukuma, wewe tusaidie patografu, ile chati ya uchungu." Mara nyingi anayefoka kachoka, ana wagonjwa saba peke yake, na anapokea nafasi hiyo kama zawadi. Mazungumzo ya ukweli yaje baadaye, mlango umefungwa, juu ya tukio moja lenye saa na kitanda. "Una kauli mbaya" halijadiliki. "Jana saa tano, kitanda cha pili, ulisema hivi" linajadilika.

Mabango peke yake hayafui dafu. Mradi wa Staha mkoani Tanga ulionyesha hivyo kwa vitendo: wilaya moja, wananchi na watumishi wakakaa kuandika upya mkataba wa huduma, kisha wodi ikaanza kurekebisha mambo yake yenyewe, mapazia kati ya vitanda, kuweka wazi dawa zilizokwisha, chai kwa walio zamu. Uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66 kulinganisha na wilaya jirani. Dawa zilizokwisha zikitangazwa mapema, mkunga haitwi mwizi wa glovu, naye hana haja ya kujibu kwa tusi. Chai nayo, cheka ukitaka, ni kwa mtu ambaye hajakaa tangu saa moja jioni.

Ukitaka kujua hali ya wodi yako, usiwaulize akina mama mlangoni wanapotoka. Bado wako mikononi mwenu, watasema asante. Huko huko Tanga, kama asilimia 19 walisema walitendewa vibaya walipoulizwa wakiondoka. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakafika 28. Na usiulize "uliridhika?" Uliza kimojakimoja: ulifokewa? Ulisimangwa? Nani alikuwepo? Kliniki ya mtoto ya wiki ya sita ni mahali pazuri, mradi anayeuliza asiwe aliyemzalisha.

Limebaki faili ambalo tayari limeandikwa "msumbufu" na mtu aliyehama kituo. Usilifute kwa wino mweupe wala kuchana karatasi, hiyo ni nyaraka ya kisheria. Nyanyua kalamu, andika maelezo mapya chini yake: tarehe, saa, maumivu mangapi, kapewa nini, kajibu vipi, saini. Kama neno hilo limeandikwa kwenye jalada la nje, kwa maka pen, kama yalivyo mengi, omba masjala wakutolee jalada jipya na uyahamishe yaliyomo yote kwa mpangilio wake. Wengine watauliza jalada jipya la nini wakati la zamani halijachanika. Waonyeshe tu lile neno.