Nilivyojifunza kuchagua vichekesho bubu kwa kumbi ndogo

Mwenye ukumbi haniulizi kama filamu ni nzuri. Huuliza: watu watacheka? Watakaa mpaka mwisho? Nawaandikia ripoti za filamu bubu, yaani zile za zamani zisizo na sauti, wenye kumbi watatu za sinema katika miji midogo ya jirani na Bologna, Italia, ninakoishi, na ilinichukua msimu mzima kukubali kwamba maswali yao ni bora kuliko alama nilizokuwa natoa.

Mwanzoni nilitazama filamu peke yangu usiku, kwenye kompyuta, kisha nikaipa alama. The General ya mchekeshaji Mmarekani Buster Keaton, ya 1926, niliipa kumi kwa kumi. Ikaonyeshwa Jumapili alasiri kwenye ukumbi wa viti tisini, na watu wakaitazama kimya kama wako msibani. Mama mwenye ukumbi hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kaa, uitazame hii tuliyoonyesha."

Nikaitazama. Filamu ilikuwa ile ile, ila nakala siyo. Hii ilikuwa nakala ya nakala, nyuso zimefifia, inakwenda mbio kupita kiasi, na muziki umebandikwa bila kujali kinachotokea. Keaton hatabasamu, lakini macho yake hupiga hesabu muda wote. Macho yasipoonekana, unabaki na mtu anayekimbia kando ya treni.

Tangu siku hiyo nakagua nakala, si jina la filamu. Naanza na kasi. Kamera za enzi zile nyingi zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilicheza kati ya fremu (picha moja moja za mkanda) 16 na 24 kwa sekunde, pengine ndani ya filamu moja. Filamu zenye sauti zilipokuja, 24 ikawa ndiyo kanuni. Rili, yaani mkanda uliokunjwa, ya futi 1,000 yenye upana wa milimita 35 huchukua dakika 16 na ushee kwa kasi ya 16, lakini kwa 24 inaisha kwa dakika 11. Dakika tano zimeliwa, na ndani yake zimo zile nukta ambazo mchekeshaji anatulia kabla ya kuanguka. Ila kupunguza kasi tu si dawa, kwa sababu wachekeshaji walikuwa wakizungusha kamera taratibu makusudi ili, filamu ikionyeshwa, mbio zao zionekane za kasi ya ajabu. Kwa hiyo nawaangalia wapita njia, wale wa nyuma kabisa wasioigiza lolote la hatari. Wakitembea kama binadamu, kasi ni sahihi, na zile mbio naziacha ziwe mbio.

The Gold Rush ya Chaplin ina mtego wake. Ipo ya 1925, na ipo ya 1942 ambayo aliihariri upya mwenyewe, akaondoa maandishi ya maelezo yanayotokea katikati ya picha, akaweka muziki na sauti yake akisimulia. Ukumbi ulioajiri mpiga piano wa kupiga moja kwa moja mbele ya filamu bubu ukiletewa ya 1942, jioni imeharibika. Hilo naliweka mstari wa kwanza wa ripoti.

Lililonipa kazi ngumu zaidi ni nyuso zilizopakwa masizi. Katika Seven Chances ya 1925 yumo Mzungu aliyepakwa rangi aigize Mweusi, na katika College ya 1927 Keaton mwenyewe anajipaka ili apate kazi ya kuhudumu mezani. Nampenda Keaton kwa dhati, na bado sehemu hizo zinaniumiza kila ninapoziona. Mara moja nimekaa mle ukumbini nikiwa Mwafrika peke yangu, wengine wakicheka, nikatamani angalau mtu angetuandaa. Siombi zikatwe. Naandika dakika zinapotokea, naomba mwenye ukumbi aseme neno mbele ya watu kabla taa hazijazimwa, na filamu hizo siziweki kwenye ratiba ya watoto. Mmoja alinijibu kwamba zama zile ndivyo zilivyokuwa. Nikamwambia wanaokata tiketi ni watu wa leo. Sasa anasimama mwenyewe kuzungumza.

Kwa ukumbi ambao haujawahi kuonyesha filamu bubu napendekeza Safety Last! ya mchekeshaji mwingine wa zama zile, Harold Lloyd, ya 1923. Mtu akipanda ukuta wa jengo refu, hata asiyejua lolote kuhusu sinema anaelewa.

Ukaguzi wenyewe siku hizi naufanya ukumbini, katika onyesho la majaribio. Nakaa pembeni, safu ya tatu, naangalia nyuso za watu badala ya pazia, na daftarini naandika dakika: kicheko cha wachache, kicheko cha ukumbi mzima, pumzi zilizoshikwa. Tulipojaribu Steamboat Bill, Jr. ya 1928, palifika pale ukuta mzima wa nyumba unapomwangukia Keaton na dirisha lililo wazi likampitia kichwani mpaka miguuni. Ukuta ule ulikuwa wa kweli. Mtoto mmoja wa kiume alijifunika kichwa kwa mikono miwili kabla haujafika chini. Ukumbi ukawa kimya, mpiga piano akainua vidole, kisha kicheko kikaja kutoka nyuma kwenda mbele.

Alama nimeziacha. Mpiga piano ndiye anayelichukua daftari langu sasa, na ameniomba nimpigie mstari mwekundu kila mahali watu wanaposhika pumzi, ili pale asipige chochote.