Jino lisigeuke mfalme: viungo vya mwili kwa Kiigbo

Kujifunza viungo vya mwili vya Kiigbo, lugha ya kusini-mashariki mwa Nigeria, kwa kupitia Kiingereza ni kutoka Kariakoo kwenda Posta kwa njia ya Mbezi. Kiigbo kinagawa mwili karibu kama sisi: aka ni mkono mzima, kiganja kikiwemo, na ụkwụ ni mguu mpaka unyayo. Kidole cha mkono ni mkpịsị aka, cha mguu mkpịsị ụkwụ. Mwenye mali anakuja nyuma, kama kwetu: isi m, kichwa changu, anya gị, jicho lako, imi ya, pua yake. Mkono wa kulia ni aka nri, na nri inaandikwa sawasawa na neno la chakula!

Ngeli hakuna, wingi hakuna. Anya ni jicho, ni macho. Macho mawili ni anya abụọ, lakini moja hutangulia: otu anya.

Kinachotuangusha ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana. Kiswahili huinua silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti inashuka. Sasa ézé, silabi zote mbili juu, ni jino. Ézè, ya pili ikishuka, ni mfalme. Ukilisoma jino kwa mazoea ya Kiswahili, umemtaja mfalme. Ísí, kichwa, inageuka ísì, harufu. Dawa ni kupiga mluzi kwanza, noti mbili za kimo kimoja, halafu ndiyo utamke.

Kp na gb zimo kwenye ikpere, goti, na agba, taya. Funga midomo huku nyuma ya ulimi imebana kaakaa, achia vyote kwa mpigo mmoja. Ikitoka "ikipere", umeachia k mapema.

Nukta za chini ya herufi, za tahajia ya Ọnwụ ya 1961 (mfumo wa kuandika Kiigbo), si mapambo: ụkwụ ni mguu, ukwu ni kiuno. Ongeza kibodi ya Kiigbo kwenye simu, maana bila nukta daktari atapapasa kwingine.

Kuumwa nako kuna mpangilio wa nyumbani: isi na-awa m, kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kitendaji, wewe unatendwa. Ila kitenzi "wa", kilichomo kwenye na-awa, ni kupasua, kinakaa na kichwa. Mguu una chake: ụkwụ na-egbu m mgbu, mguu unaniuma. Kwa hiyo kariri sentensi nzima, usikariri kitenzi peke yake.